Mwambie Nesi Sikukuuliza

Mwanangu Minza,

Mama yako yuko uani anamenya karanga za safari yako, nami nimejifungia ndani nikisema nina taarifa ya zahanati ya kumalizia. Hakuna taarifa yoyote. Nimemdanganya mwanamke niliyeishi naye tangu ujana wangu kwa sababu niliona haya kusema kwamba nataka kukuandikia wewe, mtu uliye chumba cha pili, ninayekusikia ukicheka na mdogo wako mkikunja nguo. Ndivyo nilivyo. Kwa wake za watu na binti za watu mdomo wangu ni mwepesi, lakini nikifika kwenu unakuwa mzito kana kwamba nimejaza ugali.

Kesho unarudi Rwamgasa kwa mume wako, na mimba yako inaingia mwezi wa sita. Sitakuambia ulale ndani ya chandarua, wala umeze vidonge vya kuongeza damu, wala ukae mbali na mialo wanakooshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Hayo mama yako ameyasema mpaka umeanza kuitikia "ndiyo mama" kabla hajamaliza. Mimi nina jambo moja tu. Ila ili nilifikie, itanibidi nipite mahali ambapo mimi na wewe hatujawahi kupita pamoja, na nakuomba unisamehe kama nitajikwaa njiani.

Juzi baba yako mdogo Shija alipokuja na wenzake kukuzuia, ulimsikia alivyopaza sauti. "Minza, umelogwa? Una mkunga hapa nyumbani, tena baba yako mzazi, halafu unakwenda kuzalia kwenye maduara? Huko mashimoni atakupokea nani, wachimbaji?" Wote wakanigeukia wakingoja nigonge meza. Mimi nikatazama kuku. Ukasema kwa sauti ndogo kwamba Masanja yuko peke yake na anakuhitaji, ukainuka ukaenda jikoni. Shija akasema nimelea vibaya. Walipoondoka wote waliamini kwamba nimenyamaza kwa hasira.

Sikuwa na hasira, nilikuwa sijui. Jana jioni ndipo mama yako aliponiambia, tena kwa ukali, maana na yeye amechoka kuwa daraja kati yetu. "Huyu mtoto hakimbilii mume," alisema. "Kule kituo cha afya kuna nesi anauliza."

"Anauliza nini?"

"Kila kitu. Anauliza kama maji yametoka, yana rangi gani, yananukaje. Anauliza akimwangalia usoni. Minza anasema hapa nyumbani hakuna wa kumwuliza."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini, nikatoka nikaenda kusimama zizini na ng'ombe mpaka giza likaingia. Sikulia, kama ndivyo ulivyosikia kutoka kwa mdogo wako. Ningependa kulia.

Wewe hujui vizuri nilivyoingia kwenye kazi hii, kwa sababu ulizaliwa ukanikuta ndani yake. Niliporudi kutoka chuoni, wanawake wa hapa walikuwa wakifika zahanati, wananiona mlangoni, wanageuza baiskeli. Waliniita Nesi Dume. Bibi mmoja mzaa chema, mwenye ulimi kama wembe, aliniuliza mbele ya watu kisimani, "We kijana, sasa hivi unapokea watoto. Kunyonyesha utaanza lini?" Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mama yangu, ambaye umebeba jina lake na ndiyo maana nakuita mayu, yaani mama, alirudi nyumbani siku ile akiwa amefunika uso.

Nilishinda kwa maneno. Nilijifunza kuuliza mambo ya aibu kana kwamba naulizia bei ya mpunga. Mwanamke akiinamisha kichwa namwambia, "Mama, mficha uchi hazai," naye anacheka, na akishacheka ananieleza. Niliitumia methali hiyo kwa miaka mingi sana. Nimewaambia wake za wachungaji, wake za waganga, na mama wa Kiislamu kutoka Isaka aliyekuja amejifunika mpaka macho. Watu wakanizoea. Bibi yule mwenye ulimi mkali aliniletea mjukuu wake mwenyewe usiku wa mvua, akanishika mikono yote miwili akinishukuru, "Wabeja, wabeja sana." Nilijiona nimefika.

Kumbe aliyekuwa akificha ni mimi. Nilikuwa na ujasiri wa nje. Hapa ndani nilikuwa baba wa Kisukuma kama Shija na kama baba yangu: sikuingia chumbani kwa binti, sikutamka mbele yake neno mimba, nilipoona tumbo lako linakua niligeuza macho kwenye kalenda ya ukutani. Hakuna aliyeniona mjinga. Waliona nina heshima, na hata mimi niliona hivyo.

Basi ukaja kujifungulia mtoto wako wa kwanza nyumbani, kama desturi inavyotaka. Ulikuwa na miezi saba. Ilikuwa wakati wa kupandikiza mpunga, na ingawa mama yako alikukataza, ulikwenda naye kwenye majaruba kwa sababu hukutaka majirani waseme umerudi kwenu kula bure. Ulikuwa umesimama kwenye maji mpaka magotini, umeinama, kitenge kimelowa chote. Maji yako yalipoanza kutoka ulidhani ni ya jaruba. Ungejuaje? Hata mkunga aliyesoma, ukimsimamisha ndani ya tope amelowa hivyo, hawezi kusema ni maji ya wapi. Hapo hukukosea, mayu. Na mama yako naye hakukosea.

Lakini jioni ulibadili kitenge kikavu, na kikalowa. Ukabadili tena. Kesho yake mama yako akanijia sebuleni, akanong'ona kwamba unalowa, maji hayazuiliki, pengine ni mkojo maana mtoto amelala vibaya tumboni. Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari redioni. Mkono wangu ulipunguza sauti wenyewe. Nilijua, Minza. Nilijua saa ile ile. Mwanamke yeyote mwingine angeniambia maneno hayo ningekuwa nimekwisha simama: nileteeni hicho kitenge nikione, nikinuse. Mkojo una harufu yake kila mtu anaijua, na maji ya mtoto yana yake, imepoa, na ukishainusa mara moja huisahau. Kitenge chako kilikuwa kwenye kamba nje ya dirisha. Ilinitosha kuinuka tu.

Nikasema, "Mwambie aje zahanati."

Mama yako akasema, "Zahanati kuna nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nesi Kulwa, mwenzangu wa kike, alikuwa amekwenda kwao likizo. Zahanati nzima nilikuwa mimi. Yaani nilikutuma utoke kwa baba yako hapa, utembee kwenye jua, ukamkute baba yako kule, amevaa koti jeupe. Nikafikiri kidogo, nikasema neno ambalo nalisikia mpaka leo nikifumba macho: "Kulwa anarudi Jumatatu. Atamwangalia."

Ilikuwa bado Alhamisi.

Nimejaribu kujitetea. Nimejiambia kwamba nilidhani maji ni kidogo, kwamba wapo ambao tundu la chupa hujiziba lenyewe, kwamba ningekupeleka Kahama ingekuwa hofu ya bure. Yote uongo. Nilikuwa na dawa ya kuzuia wadudu kabatini. Nilikuwa na ile sindano ambayo mama huchomwa ili mapafu ya mtoto aliye tumboni yakomae upesi, na inataka siku nzima au zaidi ifanye kazi yake. Siku nilikuwa nazo, tena za kumwaga. Nilizitumia kupita nyuma ya nyumba ili nisikutane nawe ukienda bafuni.

Jumapili mwili wako ukachemka. Mama yako akasema malaria. Nikampa kipimo akakutoboe kidole, akaniletea nikitazame kwenye mwanga wa mlango. Hakikuonyesha malaria. Nilibaki nimekishika kama mtu aliyeokota kitu asichokijua, wakati mama yako anasubiri niseme. Wadudu walikuwa wamepanda kwa njia ile ya maji, wakamkuta mtoto na kukukuta wewe. Kabla sijatafuta gari, uchungu ukakushika.

Sehemu inayofuata unaikumbuka kwa upande wako wa ukuta. Nakupa wa kwangu. Nilisimama mlangoni nimewapa mgongo. Hata hapo, Minza! Hata hapo sikugeuka. Nilikuwa nampa mama yako maagizo huku nikiangalia uani: mlaze ubavu wa kushoto, nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, usiingize vidole, usimwambie asukume, weka kitambaa safi chini, maji yana rangi gani? "Kama ya kijani," akasema. Yananuka? Akainamia kitambaa, kisha akasema, "Yananuka." Jogoo alikuwa juu ya ghala, na mpaka leo namkumbuka jogoo yule kila unyoya, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimtazama wakati mwanangu anazaa. Ulilia mara moja ukasema "baba." Sijui ulikuwa unaniita au unalia tu. Sijathubutu kuuliza.

Mama yako alinipitishia mtoto kwa nyuma, amemfunga kwenye kanga. Alikuwa wa kike. Nilimkausha, nikamsugua mgongo, akatoa sauti nyembamba kama ya kifaranga. Nikafungua vifungo vya shati, nikamweka kifuani ngozi kwa ngozi, nikafunga kanga juu yake, maana mtoto wa miezi saba hana mafuta ya kumpa joto na kifua cha mtu ndicho kinachobaki. Nimewafundisha akina mama wengi kufanya hivyo. Mzee Ngeleja akaleta gari lake, mkalala nyuma wewe na mama yako, mimi nikakaa mbele.

Nataka kukuambia jambo ambalo sikumwambia mtu, wala mama yako, wala mchungaji aliyekuja kutupa pole. Njiani mtoto wako aliamka. Akaanza kugeuza kichwa huku na huku juu ya kifua changu, mdomo wazi, akitafuta. Alipata titi langu, titi la mzee, akalishika kwa mdomo. Akanyonya kidogo, akaachia, akashika tena. Nikamkumbuka yule bibi wa kisimani. Kunyonyesha utaanza lini? Ngeleja alikuwa anasema habari za bei ya dizeli, nami nikaitikia "eeh, eeh," na mtoto akaachia mara ya mwisho na hakushika tena. Tulikuwa bado hatujaona taa za Kahama.

Sikuwaambia. Ulikuwa una homa, damu inatoka, nikaona kwamba nikisema utakata tamaa njiani na wewe uniachie. Nikaendelea kumshikilia hivyo hivyo, nikimpapasa mgongo, ili ukiinua kichwa uone mkono wangu unatembea. Uliuliza, "Baba, anaendeleaje?" Ndiyo mara pekee katika mambo yote yale tuliyozungumza moja kwa moja, mimi na wewe, na nilikujibu, "Amelala."

Hospitali walikuokoa. Nawashukuru kila siku. Watu wakaja nyumbani wakasema ni mapenzi ya Mungu, nami nikainamisha kichwa na kusema amina, kwa sababu mtu akikupa shuka la kujifunika hukatai. Lakini mimi ninajua hayakuwa mapenzi ya Mungu. Yalikuwa mapenzi ya Jumatatu.

Usidhani nakuandikia ili unisamehe. Ukinisamehe nitashukuru, ila hakutabadilika kitu. Nimeendelea na kazi kwa kuwa sijui nyingine, na kazi imekuwa adhabu ya kila siku. Miezi michache baada ya wewe kurudi kwa mumeo, aliletwa binti kutoka upande wa Bugarama, mdogo kuliko wewe, amelowa, mimba ya miezi saba ile ile. Nilifanya kila kitu. Sikuingiza kidole. Nilimpa pedi safi, nikamwambia asitawaze kwa maji ya beseni, nikaitazama pedi na kuinusa na kumwuliza lini, alikuwa anafanya nini, mengi au kidogo. Nilimpima joto, nikahesabu mapigo ya mtoto, nikarudia tena na tena. Nikampa dawa, nikamchoma sindano ya mapafu, nikaita gari, nikapanda naye. Mtoto alizaliwa Kahama akiwa mdogo kama kopo la maziwa, akaishi. Juzi juzi mama yake alimleta hapa anatembea, anavuta kengele ya baiskeli yangu. Watu wakanisifu. Nikaenda nyuma ya zahanati nikatapika.

Kwa hiyo ujue kwamba ujuzi wangu haukupungua hata chembe. Ulikuwepo wote. Ulikuwa umbali wa ukuta mmoja wa tope, na haukuvuka. Ndiyo maana Shija anaposema unamwacha mkunga nyumbani, najisikia nikicheka kicheko kibaya. Mwanangu, nyumba hii ndiyo mahali pa hatari kuliko yote kwako. Mke wa mtu yeyote akilowa ndani ya kata hii ataulizwa. Wewe tu ndiye utakayeheshimiwa mpaka kaburini. Nenda Rwamgasa. Sipendi mashimo yale, sipendi vumbi la makarasha wanakosaga mawe, sipendi barabara ile mvua zikianza. Lakini nenda.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeandika barua ya baba mwenye majuto, nawe ungeiweka kwenye sanduku pamoja na vitenge. Lakini jana mama yako alisema jambo la pili, baada ya mimi kurudi kutoka zizini. Alisubiri nimalize kula.

"Yule nesi alimwuliza kuhusu ujauzito wa kwanza," alisema.

"Akajibu nini?"

"Akasema ulitoka kwa malaria."

Nikamwuliza kwa nini. Mama yako akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Kwa sababu nesi alimwuliza pia kwenu ni wapi, akamwambia. Nesi akasema, aah, kwenu si ndiko kwa yule mkunga mwanaume, anasifika sana. Minza angesema nini hapo? Angesema yule ndiye baba yangu, na nililowa siku zote zile ndani ya nyumba yake?"

Minza. Mayu. Nilishindwa kulala.

Hivi unaelewa ulichofanya? Ulimpata mtu mmoja anayeuliza, ukasafiri kumfuata, ukaketi mbele yake, akakuuliza swali ambalo uhai wako umening'inia juu yake, nawe ukamfunga macho ili jina langu lisichafuke. Heshima ile ile. Nilidhani iko humu ndani ya ukuta huu, kumbe umeibeba, imekutangulia mpaka kituoni.

Mwenye kuambiwa malaria anafikiri malaria. Atakupa dawa ya kukinga malaria, atakusifu kwa kulala ndani ya chandarua, atakwambia rudi mwezi ujao. Hatajua kwamba chupa yako ilipasuka mapema, na mwanamke ambaye imempasukia mara moja huweza kupasukiwa tena, pengine mapema zaidi. Hatajua kukuita kila baada ya muda mfupi. Hatakupima mkojo kutafuta wadudu wale wanaoanza kimya kimya. Hatakuambia kwamba tumbo likikaza na kuachia, likikaza na kuachia, au kiuno kikikuuma chini kana kwamba umebeba gunia, hata kama ni kidogo, hata kama unaona haya kumsumbua mtu, uje siku hiyo hiyo. Hatakutafutia mahali pa kungojea karibu na hospitali Geita miezi ya mwisho ikifika. Anaweza kufanya yote hayo, nasikia ni mtu wa kazi. Ila hajui, na wewe ndiye uliyemficha.

Basi ninachokuomba ni hiki, na sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Ukifika, kabla hujafungua mizigo, nenda kituoni. Mwambie ulimdanganya. Mwambie maji yalianza kwenye jaruba la mpunga, na siku zile zote ulizolowa, na homa, na rangi ya kijani, na harufu. Akikuuliza kwa nini hukuonwa mapema, usiseme gari halikupatikana, usiseme barabara. Mwambie: baba yangu ndiye yule mkunga mnayemsifu, alijua, na hakuniuliza. Sema hivyo hivyo. Nivue nguo mbele yake. Akiwapo mwenzake, naye asikie. Ikiwa habari itafika mpaka huku na wanawake wakaanza tena kugeuza baiskeli zao wakiniona mlangoni, na wageuze, Kulwa yupo.

Usione kwamba unanikosea adabu. Ninakuamuru, kama baba, na hii ndiyo amri pekee niliyokupa tangu uolewe. Ukinificha safari hii utakuwa umenizika na aibu yangu mkononi, na yatakayokupata wewe mwenyewe naogopa kuyatamka.

Ungetaka nikuambie kwamba safari hii itakuwa salama. Wengi watakuambia kesho stendi, na mchungaji ameahidi kuomba. Mimi siwezi. Nimeona mengi mno, na mara nyingi tunafanya yote na bado mtoto anaponyoka mikononi. Sina tumaini la kukufungia kwenye mkoba. Nina hofu tu, na hofu yangu nimeigeuza kuwa maneno haya kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuitumia. Usiku nikifumba macho nausikia mdomo ule mdogo ukitafuta, na najua nitausikia mpaka nife. Nisingependa kusikia wa pili.

Nikimaliza nitamwungamia mama yako uongo wangu, naye ataiweka barua hii ndani ya mfuko wa michembe, viazi vikavu vya safari, juu kabisa, na atakuambia uisome ukiwa ndani ya gari. Maana yake kesho asubuhi utakuwa hujaisoma bado. Utatoka, utapiga goti pale barazani, utasema "Shikamoo baba," nami nitasema "Marahaba," na nitatazama tumbo lako kwa muda wa kupepesa kope kisha nitatazama pembeni. Najijua. Barua nzima hii haijanibadilisha kiasi cha kuweza kufungua mdomo mbele ya watu. Nitakuuliza kama michembe imefungwa vizuri, kama mfuko umekauka, kama hakuna mahali panapovuja.

Ukishafika hapa kwenye kusoma, kumbuka nilivyouliza, na jua nilikuwa nakuuliza wewe.

Baba yako